Panya Waliokula Ngozi ya Ngoma

Mama Kavuo angeikimbia kazi ya Alhamisi ile kama angeweza. Lakini ndiye mtunza kanisa hapa Alunguli tangu zamani, na kamati ilitaka amshikie mzee fundi wa ngoma, Papa Tambwe, beseni la maji wakati anaiwamba upya ngoma kuu kwa ajili ya jubilei ya Jumapili.

Ngoma hiyo ilikaa nyuma ya kanisa uchi, miaka ishirini na zaidi. Habari yake kila mtu aliijua: mwaka mji ulipozingirwa, panya waliila ngozi. Kavuo mwenyewe ndiye alisema hivyo, na nani angembishia mama wa kanisa? Panya gani, jamani? Mwaka ule panya wenyewe tulikuwa tumeshawamaliza kwa sufuria.

Kwenda shambani ilikuwa kwenda kufa. Fabien, mtoto wake, alivimba miguu, hata kulia akaacha. Kavuo alikuwa na ufunguo wa kanisa. Akaingia na kisu, akaikata ile ngozi ya mbuzi kuzunguka juu ya vigingi, akaichemsha kutwa nzima mpaka ikalainika. Fabien akala, akapona. Siku ya tatu, alfajiri, wenye bunduki wakaingia. Mlinzi alikimbilia ngoma aamshe mtaa, mikono ikapiga hewa. Misenga, mke wa Papa Tambwe, walimkuta kitandani, wakamuua.

Sasa Papa Tambwe aliving'oa vigingi kimoja kimoja. Chini yavyo ulikuwa umebaki utepe wa ngozi ya zamani, mkavu kama ukuni. Akaubandua, akaupangusa vumbi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake. Kidole kilizunguka ukingo wote bila kukwama. Akarudia. Kavuo alihisi maji ya beseni yakimmwagikia miguuni.

"Mama," alisema Tambwe bila kuinua macho, "panya anaumauma. Hapa iko kisu."

Kavuo aliliweka beseni chini. Aliogopa, aliogopa sana.

"Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu, Papa."

"Mutoto alikuwa na miaka ngapi?"

"Minne."

Tambwe akaukunja ule utepe, akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akaitoa ngozi mpya majini, akaivuta juu ya ngoma kwa nguvu zote, akaanza kugongea vigingi. Aligongea kumi na vinne.

"Mpaka Jumapili itakuwa imekauka," alisema mwishowe. "Nasikia Fabien njo atapiga."

"Ndiyo, Papa. Yeye."

"Basi kabla hajaigusa, umwambie alikula nini, na Misenga alikufa namna gani. Ukinyamaza, nitamwambia mimi, watu wote wakisikia."

Halafu akaomba maji mengine, maana ngozi ilishaanza kukauka pembeni. Kavuo akaenda kuyachota.