Hoza Yuko Kijitoni

Siku Yunis alipomuua mtu wa tatu, watu walimpukuchulia magunia mawili ya mahindi kabla jua halijazama. Alimuua kwa shoka, shingoni, akamwacha ameinama juu ya gogo kama mtu anayesali. Wasikilizaji walipofika hapo mikono ilisimama, punje zikaacha kudondoka kwenye ungo. Halima, jirani aliyeuza maandazi barabara ya Lukozi, akasema polepole, "Huyu naye alijitakia." Mikono ikaanza tena, kwa kasi kuliko mwanzo.

Mauaji hayo yalikuwa kwenye daftari tu. Yunis mwenyewe alikuwa mjane mwembamba wa pale Kwembago, Mlutheri, ambaye hata kuku wa Krismasi alimwomba mtu mwingine amchinjie.

Kusoma alijifunza ukubwani, miaka ile ya ujamaa serikali ilipotaka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Klara, mwalimu wa kisomo, alipoona mama huyu anabaki nyuma kufuta ubao wakati wenzake wanakimbilia majumbani, alimpa daftari na kalamu. "Andika chochote, mama. Mkono usisahau."

Yunis akaandika juu ya wapasua mbao msituni. Shemweta alimuua baba yake Hoza, na Hoza akaapa kumlipizia. Akaanza na ndugu za Shemweta. Wa kwanza alimsukuma korongoni, wa pili alimkaba kwa kamba ya kufungia magogo, wa tatu ndiye yule wa shoka. Mbele yake alibaki Shemweta mwenyewe.

Klara alisoma kurasa za mwanzo akatikisa kichwa. "Mama, mwandishi hupanga kwanza. Huyu atafia wapi, yule atarudi lini, mwisho utakuwaje. Wewe umepanga?"

"Sijapanga, mwalimu. Ng'ombe akipotea, unapanga atakakokuwa? Unaona kwato, unafuata. Ukikuta kinyesi bado cha moto, unajua uko karibu."

Klara alicheka, na wiki iliyofuata akamletea daftari la pili.

Nathanaeli, mume wake Yunis, asingekubali mambo hayo. Alikuwa mpasua mbao, na hakuna gogo aliloligusa kwa msumeno kabla ya kupiga mstari. Alichovya kamba kwenye masizi, akaivuta kutoka ncha hadi ncha, akaiinua katikati na kuiachia, na mstari mweusi ukalala juu ya gogo, umenyooka kama wembe. "Bila mstari," alizoea kusema, "unatengeneza kuni."

Mstari alikuwa ameshaupiga siku aliyokufa. Gogo la mti wa mkulo lilikuwa juu ya jukwaa la miti, na chini yake shimo la yule anayevuta msumeno kutoka chini. Mwenzake, Mathayo, ndiye aliyekuwa mtu wa shimoni siku zote, lakini wiki ile alikuwa na kifua, na vumbi la mbao humwangukia mtu wa chini. Nathanaeli akamwambia, "Panda wewe juu, mdogo wangu, mimi nitashuka." Saa moja baadaye kabari iliyolizuia gogo ikatoka. Gogo likabingirika, likamfuata Nathanaeli shimoni, likamponda kuanzia kifuani kwenda chini. Mathayo aliruka humo humo akajaribu kuliinua peke yake. Vidole vyake viwili vilibaki chini ya gogo. Walipofika wengine walimkuta bado analisukuma kwa bega, anaongea na mtu aliyekwisha kukata roho.

Kabari ilikuwa miguuni pa Mathayo. Hilo watu walilisema, na wengine waliongeza kwamba wawili hao waligombania bei ya mbao wiki hiyo. Yunis hakujua. Alijua tu kwamba tangu mazishi, kila Jumamosi alikuta mzigo wa kuni nyuma ya jiko, zimekatwa kwa urefu wa mafiga yake. Hakuuliza. Alizipikia.

Mwanawe Rubeni aliporudi kutoka mashamba ya chai ya Kwamkoro, akiwa na kovu jipya sikioni, alizibeba zile kuni akazitupa korongoni.

"Zimetoka kwa nani hizi, mama?"

"Zimetoka msituni."

"Mama."

"Unajua zimetoka kwa nani. Ulikuwa ukimwita baba mdogo."

"Nilikuwa," alisema Rubeni.

Sasa, kwa Washambaa, mtu mwenye kazi nyingi huita ngemo. Majirani wanakuja na mikono yao, mwenyewe anapika, kazi inakwisha kwa siku moja. Yunis hakuwa na cha kupika cha kutosha, basi siku ya ngemo yake ya mahindi aliwasomea. Walipenda. Wakarudi Jumamosi nyingine bila kuitwa, wakamlimia makinga-maji, wakampukuchulia maharage. Hata Mathayo alikuja. Alikaa mwisho kabisa, karibu na kibanda cha mbuzi, akapukuchua kwa vidole vilivyobaki, na kila gunzi aliliweka kando vizuri ili Yunis apate la kuwashia moto.

Siku ya ile sura ambamo Hoza aliugua homa na mama mmoja asiyemjua akamtunza, walikuja watu wanne. Sura ya korongo, ua lilijaa. Yunis hakupanga kumuua mtu, lakini alikuwa na macho. Aliona ni nini kinachojaza ua. Kalamu yake ilipofika njia panda, ilikwenda yenyewe kwenye damu, kama maji yanavyojua bonde.

Rubeni alisikilizia mlangoni, amekaa kwenye kizingiti, ananoa panga. Jiwe lilikwenda na kurudi, na Yunis alijikuta akisoma kwa mwendo wa jiwe lile.

Sura iliyofuata aliiandika kwa siku chache. Hoza alimfuatilia Shemweta hadi kijitoni. Shemweta alikuwa amechuchumaa, analoweka mianzi, mgongo uko wazi, hana habari. Yunis aliandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyozoea kumwona Mathayo. Tangu apoteze vidole Mathayo hakuweza tena msumeno, akawa anasuka matenga ya kupelekea mboga sokoni Soni, na mianzi yake aliiloweka pale Yunis alipochotea maji. Ulikuwa mgongo tu. Alihitaji mgongo, akaandika ule alioujua.

Hoza akainua panga. Hapo Yunis akakwama. Alikaa na kalamu asubuhi nzima na hakuona kwato zozote mbele. Jumamosi akawasomea mpaka hapo, akafunga daftari.

"Haiwezekani," alisema mzee Elieshi. "Umemwacha mtu na panga juu?"

"Mkono utamuuma," alisema Halima, na watu wakacheka.

"Muue tu, mama Rubeni. Huyo Shemweta ni yule yule aliyesogeza mpaka wangu."

"Mzee, aliyesogeza mpaka wako ni shemeji yako."

"Basi muue na huyo."

Mathayo hakucheka. Alikung'uta nguo, akasema, "Shemeji, asante kwa hadithi," akaondoka.

Watu walipotawanyika Rubeni aliuliza, "Anamuua?"

"Sijui."

"Wewe ndiye unayeandika, utakosaje kujua?"

"Naandika ndipo najua. Bado sijaandika."

Rubeni alipitisha kidole gumba kwenye makali. "Baba alipiga mstari kila mara."

"Baba yako alipiga mstari, na gogo likaanguka."

"Halikuanguka," alisema. "Liliangushwa."

Jumamosi iliyofuata ua lilijaa tangu saa nne. Yunis hakuwa na neno jipya hata moja. Alifungua daftari, akaanza kurudia ukurasa wa kijito ili ajipe muda.

"Huo tulishausikia," alisema mzee Elieshi. "Leo Shemweta asipokufa, mimi nachukua ungo wangu naenda zangu. Na Mathayo yuko wapi? Leo hataki kusikia mwisho?"

"Nimempita kijitoni," alisema Halima. "Ana mianzi yake."

Yunis alitazama kizingiti. Jiwe la kunolea lilikuwa pale, bado limelowa. Rubeni hakuwapo, wala panga.

Daftari lilianguka kwenye mahindi, naye tayari alikuwa anateremka kwa njia ya maji, akishika migomba asianguke. Nyuma yake alisikia nyungo zinawekwa chini na miguu inafuata.

Alipofika kwenye kona alisikia sauti kama ya mtu anayekata mgomba. Rubeni alikuwa amekwisha kupiga. Panga lilikuwa limeshuka begani kwa Mathayo likafungua nyama mpaka mfupa ukaonekana, mweupe kama mwanzi uliomenywa. Lakini Mathayo alikuwa ameinua magogo maisha yake yote. Aligeuka na jiwe la kijitoni mkononi, akampiga nalo Rubeni mdomoni, na meno yakatoka. Walianguka wote wawili majini. Rubeni alimkandamiza kichwa chini, akakishikilia, mapovu yakapanda, Mathayo akamng'ata kiganja mpaka akamwachia. Maji yalikwenda mekundu kuelekea kwenye mashamba ya kabichi. Mwishowe Rubeni alikuwa juu, goti kifuani kwa mwenzake, panga limeinuliwa.

Yunis alimwita. Rubeni aligeuza uso uliojaa damu.

"Tulia, mama," alisema kupitia meno yaliyovunjika. "Sasa utajua."

Yunis aliangalia nyuma. Watu wa ngemo walikuwa wamesimama ukingoni kwa mstari, bega kwa bega, kama walivyokaa uani kwake. Hakuna aliyeshuka. Halikuwa jambo la ubaya wa moyo. Hao ndio waliomlimia, ndio waliomletea uji alipofiwa. Walikuwa wanangoja. Vinywa vilikuwa wazi kidogo, vile vile kama anapofunua ukurasa. Mzee Elieshi alikuwa bado na gunzi mkononi.

Hakuwa na mpango. Aliingia majini na viatu vyake, akapiga magoti karibu na Mathayo, chini ya panga lile, akafungua kanga kiunoni, akaikunja na kuikandamiza kwenye jeraha. Damu ilipita. Akaikunja tena. Damu ilipita tena, ya moto, katikati ya vidole vyake.

"Mikono yangu haitoshi," alisema. "Rubeni, shika hapa."

Rubeni hakusogea.

"Shika hapa, mwanangu. Mimi sina nguvu."

Aliisema kwa sauti ile ile ambayo alimwambia tangu utotoni ashike mdomo wa gunia wakati yeye anamimina. Panga lilishuka pole pole mpaka likagusa maji, likazama. Rubeni akaweka mkono juu ya kanga, juu ya jeraha alilolifungua mwenyewe, akakandamiza.

"Zaidi," alisema mama yake, na akakandamiza zaidi.

Halima ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alivua kilemba chake akampa Yunis. Kisha wanaume wakaanza kukata miti ya machela.

Wakati wakingoja, Rubeni aliinama karibu na sikio la yule mtu. "Baba mdogo. Uliitoa kabari?"

Mathayo alikuwa anatetemeka. "Sijui," alisema. "Nilihamisha mguu. Labda niliigusa, labda ilitoka yenyewe. Kila nikilala naitoa, na kila nikilala naiacha. Laiti ningejua, Rubeni, ningekwambia siku ya mazishi."

Rubeni alilia, lakini mkono hakuuondoa. Alikwenda nao hivyo njia yote, akitembea kando ya machela, na hospitalini muuguzi ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja.

Rubeni alifungwa. Mathayo alimwambia hakimu kwamba yeye pia alipiga, na kwamba mawe yalikuwa yanateleza. Hakimu alimtazama bega, akaandika, akapunguza miaka. Mkono wa Mathayo wa upande ule haukupanda tena juu ya kifua.

Yunis aliacha kuandika mpaka mahindi mengine yalipokomaa. Ndipo akachukua kalamu, na aliposoma kilichotoka, Hoza alikuwa amepiga, kisha amepiga magoti, ameweka mkono juu ya jeraha. Jumamosi aliwasomea. Mzee Elieshi alikohoa, akasema hadithi imeharibika, akachukua ungo wake. Wengine walifuata kwa aibu. Mahindi mengi yalibaki hayajapukuchuliwa.

Walibaki Halima, Klara, na Mathayo mwisho kabisa karibu na kibanda cha mbuzi. Alibana hindi kati ya nyayo zake na kulipukuchua kwa mkono mmoja.

"Shemeji," aliuliza baada ya muda, "huyo Hoza bado yuko kijitoni?"

"Bado yuko."

"Ameshikilia tu?"

"Ameshikilia."

"Atachoka."

"Labda," alisema Yunis, akamsogezea ungo karibu. "Sijafika huko."