Wimbo Uliobaki Kreta

Saa kumi na mbili jioni Seenoi alichuchumaa ubavuni mwa Sambu, akaweka kibuyu magotini, akafungua kinywa aimbe. Hakikutoka kitu. Sambu, ng'ombe wake wa madoadoa, alisubiri kwa adabu, kisha akazuia maziwa kama alivyofanya jana na juzi.

Boma zima lilijua tatizo. Mwaka uliopita, 1975, ilitoka amri kwamba asibaki mtu kukaa ndani ya kreta ya Ngorongoro. Watu wakapanda juu na ng'ombe, punda na watoto. Seenoi, ambaye ni mjane, alipanda akiimba wimbo anaomkamulia Sambu ili asiogope mwinuko. Nusu ya njia wimbo ulisimama, ukageuka, ukarudi chini. Waliokuwa nyuma waliupisha, maana ulikuwa na haraka.

Alijaribu kuazima nyimbo za majirani. Sambu alizisikiliza zote, akatoa maziwa ya kulowesha kidole, ya heshima tu. Mwanawe Metui aliandika kutoka Arusha kwamba ng'ombe akikauka auzwe, mama aje wakae wote kwenye chumba chake karibu na stendi. Seenoi alishakiona chumba hicho. Dirisha lake linatazama ukuta. Mume hakuwapo, wanawe walishaondoka, na aliyebaki wa kumwamsha asubuhi ni Sambu. Alimpenda, na aliogopa kumpoteza.

Mwezi wa saba alifika Rafaeli, askari wa wanyamapori, Mwiraqw wa Mbulu, na karatasi mkononi.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa neno pekee la Kimaasai alilolijua.

"Marahaba. Umekuja kuhesabu ng'ombe?"

"Hapana, nimekuja kwa ajili ya wimbo. Unaimba kule chini kila jioni, kwenye boma lenu la zamani. Wageni wanauliza. Mkuu wa kituo anasema kukaa mle ni marufuku, mwenye nao aje autoe."

Karatasi ilikuwa kibali cha mtu mmoja, jioni moja.

Walishuka kesho yake. Boma la zamani lilikuwa duara la samadi lililoota majani mazuri, na pundamilia wawili walikuwa wamelala palipokuwa na kitanda cha Seenoi. Jua lilipoinama wimbo ulianza wenyewe, kimo cha mwanamke aliyechuchumaa, kwa sauti ya Naishorua, mama mkwe wa Seenoi, aliyefariki miaka ishirini nyuma. Rafaeli alivua kofia. Mtu alikuwa kazini.

"Unasema nini?" aliuliza, kwa sababu Kimaasai hakukijua.

Seenoi alimweleza. Wengi hudhani wimbo ule unasifu uzuri wa ng'ombe, kumbe hausifu chochote. Mwaka mmoja wa ukame Naishorua alikuwa na ng'ombe kipofu, bibi wa bibi yake Sambu. Kila jioni alitangulia mbele yake akimtajia njia: hapa chemchemi, kunywa, hapa magadi, lamba, hapa mgunga, pinda, lango liko wazi, ingia. Akisikia "ingia", yule ng'ombe alijua yuko kwao, akashusha maziwa. Uzao wake wote ulirithi hivyo hivyo.

"Basi uite tupande, yeyo. Giza linakuja."

"Niite iende wapi? Huko juu chemchemi iko wapi? Hiyo wimbo ilijua tunaipeleka kwa uongo, ndiyo maana ilirudi."

Aliketi kwenye samadi, akausikiliza mara tatu. Mara ya tatu alilia kidogo, kwa sababu ilikuwa siku nyingi hajaambiwa ingia.

Rafaeli aliripoti kwamba wimbo umegoma. Baada ya wiki mkuu alijibu kwa maandishi: kwa kuwa wimbo hauli majani, haukati miti wala hauwashi moto, unaruhusiwa kuendelea kukaa. Seenoi alimtuma Rafaeli akaseme kwamba yeye pia hali majani. Jibu lilikuja kwamba kibali chake kilikuwa cha jioni moja, na jioni hiyo imekwisha.

Sasa kila jioni humwongoza Sambu hadi ukingo wa kreta, yeye na kibuyu chake. Upepo ukielekea kwingine husimama wote wawili mpaka baridi iwashinde, wakarudi bila kitu. Upepo ukitoka chini, wimbo hupanda, hafifu lakini mzima: chemchemi, magadi, mgunga. Maziwa huanza kushuka hata kabla ya "ingia", na Seenoi hukamua upesi, kwa sababu anajua kinachofuata.

Wimbo ukifika kwenye lango, Sambu huinua mguu kwenda kule anakoambiwa, na mbele yake ni shimo tupu. Seenoi huacha kibuyu, akamshika pembe kwa mikono miwili, akamzuia mpaka mstari huo upite.