Mahali pa Kabunare

Katika maneaba, ukumbi wa mikutano wa kijiji cha Terawabono, mtu haulizwi jina. Hutazamwa amekaa wapi. Kila ukoo una mahali pake chini ya lile paa kubwa la majani ya mkadi, kati ya nguzo hii na ile, na mahali hapo hurithiwa kama mtu anavyorithi pua. Aliyekaa kwa watu wa Keaki ni wa Keaki. Aliyekaa upande wa wageni ni mgeni, hata kama amezaliwa nyumba ya pili kutoka hapo.

Aubrey Lidgate alilijua hilo kuliko Mwingereza yeyote aliyewahi kutumwa Visiwa vya Gilbert, kwa sababu alijifunza kwa kukosea. Alifika Nonouti, kisiwa cha kijiji hicho, mwaka 1954, afisa wa wilaya kijana, ngozi ikimbambuka puani. Siku ya baraza lake la kwanza polisi alimwekea kiti katikati ya maneaba, naye akakikalia. Vichwa vya wazee wote vikawa usawa wa magoti yake. Baraza lilipoisha, mjane mmoja, Nei Teangina, alimfuata nje akamwomba kile kiti.

Ombi la namna hiyo huitwa bubuti. Likishatamkwa halikataliwi, anayekataa hubaki na mali yake na aibu juu. Lidgate alikuwa amefundishwa hivyo, basi akakitoa. Nei Teangina alikikata miguu kwa shoka palepale, na ubao wake ukawa wa kuanikia samaki. Kesho yake alimshika mkono bwana afisa, akampeleka kwenye mkeka wa ukoo wake wa Keaki, akamkalisha kati yake na mwanawe Bwere, akamwita Kabunare, jina la mjomba wake marehemu. Kwa miaka mitatu Lidgate alikula kwao, akaugulia kwao, na akaamua kesi za mashamba akiwa amekunja miguu. Halafu akahamishwa.

Iliyofuata ni kazi njema ya serikali. Makoloni yalipoanza kwisha, maafisa wenzake wengi walirudi kwao kuuza bima na kufuga mbwa. Yeye alifanya mtihani akaingia Wizara ya Mambo ya Nje. Alikuwa katibu wa pili Accra, katibu wa kwanza Oslo, mshauri Kuala Lumpur. Wizarani alisifiwa kwa mambo mawili. Kwanza, kupanga meza ya wageni: alijua askofu akae wapi balozi wa Vatikani akiwepo, na mke wa jenerali aliyepinduliwa awekwe umbali gani na mke wa jenerali aliyempindua. Pili, kukataa. Aliweza kumnyima mtu kitu na mtu yule akaondoka akimshukuru. Miaka kadhaa baada ya visiwa kuwa nchi huru na kuitwa Kiribati, alirudishwa Tarawa, mji mkuu, akiwa balozi wa Uingereza. Hicho kilikuwa kituo chake cha mwisho kabla ya kustaafu.

Tangu arudi alikuwa amemtembelea Nei Teangina nyumbani mara kadhaa, bila bendera wala dereva. Maneaba hakuwa ameingia. Safari hii hakuwa na budi. Naibu waziri Crispin Haddow alikuwa amekuja kutoka London kukabidhi matangi ya maji ya mvua, na kijiji kilikuwa kimeandaa karamu.

Lori lililowatoa uwanja wa ndege lilisimama kabla ya kufika, kwa kuwa hakuna anayepita mbele ya maneaba juu ya chombo. Bwere alikuwa anangoja kando ya njia, kifua wazi, tumbo mbele, meno ya juu hana.

"Kabunare! Umenenepa wewe, kama nyangumi mwenye mimba."

"Na wewe meno umemwachia nani?"

"Yako likizo. Sikiliza, mama anasema uingilie upande wetu."

Lidgate alimtazama naibu waziri, ambaye alikuwa akipangusa shingo na kupiga picha minazi. "Bwere, leo nimekuja na mkubwa wangu. Leo mimi ni balozi."

"Mkeka wa balozi nimeuona, uko upande wa wageni. Mzuri, mpya. Ukiukalia leo, kijiji kizima kinatazama, basi kwetu umekwisha. Unajua mwenyewe."

Alijua. Huko hakuna kueleza baadaye kwamba mtu alikaa pale kikazi tu.

"Jioni nitakwenda kwa mama nimweleze."

"Lieleze na babai."

"Babai gani?"

Bwere aliangalia nyuma, akashusha sauti. Babai ni kiazi cha mashimoni, na kila nyumba ina kimoja inachokinenepesha kwa siri, kwa ajili ya heshima si kwa ajili ya njaa. Wiki ile Lidgate alipopanda meli kuondoka, Nei Teangina alipanda babai kwa jina lake. Alililisha majani yaliyooza kwa mikono yake mwenyewe, masika na ukame, karibu miaka thelathini. Harusi zilipita hakuling'oa. Misiba ilipita hakuling'oa.

"Limekuwa kama nguruwe," Bwere alisema. "Mzee Rui hajui. Unamkumbuka Rui? Yule anayemwambia mama mbele za watu kwamba mwanawe Mzungu ni ndoto za mjane. Juzi tumeling'oa. Lakini linaingia kwa jina lako, ndugu yangu. Wewe usipokuwa kwenye mkeka wetu, litaingia kwa jina la nani? Watu watasema bibi kizee alikuwa anakilisha kivuli majani."

"Kwa nini hamkuniambia mapema?"

"Ungekuja na barua ya kukataa. Tunakujua."

Naibu waziri aliwafikia. Lidgate alimweleza namna ya kuinama chini ya ukingo wa paa, asisimame wima ndani, asinyooshe miguu kuelekea watu. Yeye mwenyewe angekaa wapi, hakumwambia.

Waliingia wakiwa wameinama. Haddow alikaa kwenye mkeka mpya, akakunja miguu kwa shida, akatabasamu pande zote. Lidgate alifika penye mkeka akasita. Kukaa pale hakuthubutu. Kwenda upande wa Keaki, akimwacha mgeni wa serikali peke yake bila neno, ilikuwa dharau kwa mwenye mamlaka juu yake na kwa wenyeji pia. Kusimama kulikatazwa. Basi mtu aliyewakalisha maaskofu na majenerali wa mabara matatu alichuchumaa kando ya mkeka, makalio hewani, akijifanya anangoja kutafsiri.

Msemaji wa kijiji alitoa salamu, Lidgate akatafsiri. Haddow akajibu, Lidgate akatafsiri. Mapaja yalianza kumtetemeka.

"Jamani," mzee Rui aliuliza kutoka mkeka wa ukoo wake, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, "balozi ana jipu?"

Maneaba nzima ilicheka, wanawake wakipigana mabega. Lidgate naye alicheka, jambo ambalo halikumsaidia kuchuchumaa.

Hapo Nei Teangina akazungumza. Alikuwa amepungua mwili akabaki mifupa na macho, lakini sauti ilikuwa ileile iliyoomba kiti. Hakumtazama Lidgate. Alimtazama Haddow.

"Wewe mkubwa wa Wazungu. Karibu. Matangi tumeyaona, ahsante. Sasa nina bubuti kwako."

Watu waligeuka kumtazama Haddow.

"Anasema nini?" Haddow aliuliza.

"Anakuomba kitu, Mheshimiwa. Kwa desturi yao ombi hili halikataliwi."

"Tangi jingine?"

"Hapana. Ngoja amalize."

Nei Teangina alimaliza. Sentensi zake zilikuwa fupi na hazikuwa na pa kujificha. Lidgate angeweza kuzilainisha. Kwa kazi hiyo alikuwa amelipwa mshahara tangu ujana. Alizitafsiri zilivyo.

"Anasema: huyu uliyekuja naye ni mwanangu. Mlinichukulia akiwa kijana, mkamtumia, mmemrudisha mzee. Sasa nimpe nafasi akae. Nakuomba unipe."

Haddow, mtoto wa mchinjaji wa Yorkshire aliyeingia siasa kupitia halmashauri ya mji, alimtazama bibi, kisha akamtazama balozi aliyechuchumaa.

"Anakutaka wewe?"

"Ndiyo."

"Ukienda kule, mimi nitakuwa na nani?"

"Nitaendelea kutafsiri nikiwa kule. Lakini nitakuwa mwenyeji, Mheshimiwa. Hotuba ya serikali itabidi uitoe mwenyewe."

"Na wewe unanishauri nini?"

Majibu ya kibalozi yalimjia yote, yamepangwa safu. Aliyaacha yapite.

"Sikushauri. Nataka kwenda."

Haddow alicheka hadi mkono ukashika sakafu. "Miaka sita serikalini, balozi wa kwanza kuniambia anachotaka! Nenda basi. Mwambie nimempa, na nisamehewe kwa kuchelewesha."

Lidgate alitafsiri na hilo. Halafu akavuka maneaba, mgongo umeinama, mkono mmoja mbele kuomba njia, watu wakisogeza magoti apite. Nei Teangina hakumkumbatia. Alijisogeza kiasi cha mtu mmoja, na alipokwisha kukaa akamfinya paja.

"Magoti yalikuwa yanalia mpaka huku," alisema.

"Nimechelewa, mama."

"Nyamaza, wanaita vyakula."

Msemaji aliita koo moja baada ya nyingine, na kila ukoo ulileta fungu lake: samaki, kuku, matunda ya mkadi. Babai la mzee Rui lilipita, likashangiliwa, naye akajipepea. Ndipo likaitwa jina la Keaki. Bwere na wapwa zake waliingia wameinama, mti mabegani, na kilichoning'inia katikati kiliupinda mti ule. Kelele zilianza ukingoni, kwa walioona kwanza, zikaenea.

"La nani?" msemaji aliuliza, kama desturi inavyotaka.

Nei Teangina alimpiga Lidgate kiwiko.

"La Kabunare," Lidgate alisema.

"La Kabunare wa Keaki!" msemaji akarudia, na maneaba ikapokea kwa makofi mpaka mavumbi ya paa yakadondoka kwenye wali wa naibu waziri, ambaye alisimama wima kupiga picha na akavutwa suruali na watu watatu akae.

Mzee Rui alikwenda kwa magoti hadi penye babai. Aliligonga. Alilinusa. Alilizunguka lote, akarudi mbele ya mkeka wa Keaki.

"Teangina," alisema, "sikuwa nimekuamini."

"Najua."

"Mwana unaye." Kisha, bila kuvuta pumzi, akageuka. "Kabunare mwanangu, nina bubuti. Nipe kichwa cha babai hili nikapande."

"Chukua, mzee," Lidgate alijibu.

Bwere alifunika uso. Nei Teangina aligeuka mzima mzima.

"Umempa?"

"Si bubuti, mama? Halikataliwi."

"Kichwa ndiyo mbegu! Miaka yote hii Rui ananyemelea mashimo yangu, wewe unampa mbegu hata mkeka haujapata joto!" Alimchapa bega kwa pepeo lake, akachapa tena. "Nchi nzima ya Wazungu ilikufundisha nini? Muulizeni, alifundishwa nini?"

"Kukataa," Lidgate alisema. Machozi ya kicheko yalikuwa yakimtoka.

"Basi wewe umefeli! Rui ana nguruwe. Yule jike, mwenye mimba. Unangoja nini?"

Rui, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa, alianza kurudi kinyumenyume kwa magoti, haraka, kuelekea mkeka wake. Watu walimzibia njia huku wakipiga vigelegele.

Kabunare akanyoosha mgongo.

"Mzee Rui," aliita, "usiondoke. Nina bubuti."