Imeili ya Swadiki

"Kwa nini ulifuta picha ya mutu bila kuuliza?"

"Nilifuta picha ndani ya imeili yangu, Kenyi. Yangu mwenyewe. Nimuulize nani?"

"Na kaka yangu aliingia vipi ndani ya imeili yako?"

Swadiki alichukua kitambaa, akaanza kupangusa kioo ya meza yake pale sokoni Arua, kama kioo ndio iko na shida. Mama yangu alikuwa amekaa kwa kiti ya wateja, simu kwa magoti.

Jibu nilikuwa najua. Swadiki akiuzia mutu simu, na huyo mutu hana imeili, anaweka ya kwake. Imeili moja, wateja wote: watu ya Ajia, watu ya Midia, makatekista, wauza samaki. Namba ya siri anajua yeye peke yake. Kwetu hakuna mutu anauliza. Simu ikiwaka, unaenda nyumbani.

Ya mama ilikaa vizuri mpaka ikajaa. Kwaya yake inapenda kutuma video, wimbo moja wanatuma mara tatu. Simu ikakataa hata kupokea ujumbe. Mama hataki simu yenye inakataa ujumbe, maana Wani anaweza kutuma.

Wani ndio kaka yangu. Alienda Juba na lori ya vitunguu, yeye tanboi, msaidizi ya dereva, kabla ya Pasaka, na hajarudi. Namba yake haiingii. Kila siku ya soko mama anaenda Kuluba, pale lori inapanga laini kungoja kuvuka mpaka, anaonyesha madereva uso ya Wani kwa simu. Umeona huyu?

Kwa hiyo mama alikataa kufuta hata kitu moja. Harriet, binti ya shangazi, akasema kuna njia, hakuna kitu itapotea. Akaunganisha simu na intaneti ya duka ya dawa mahali anafanya kazi, akaiacha siku nzima, halafu akabonyeza pale imeandikwa ongeza nafasi. Picha yote ikapanda kwa imeili, ikatoka kwa simu. Ukiwa na bando, alisema, unagusa, picha inashuka. Na ilishuka kweli. Hata ya watu hatujui ilishuka: ng'ombe ya mutu, arusi, mguu ya mzee fulani yenye kidonda, mguu tu. Mama alicheka sana na ile mguu. Harriet tulimnunulia soda.

Halafu siku moja mama akagusa uso ya Wani, ikazunguka, ikazunguka, ikabaki nyeusi.

Kumbe imeili ya Swadiki nayo ilijaa. Sisi wote tumepakia mule. Ujumbe ya biashara yake ikakataa kuingia. Alimueleza mama na heshima, sitamsemea uongo: aliona kwaya, maziko, ng'ombe, akajiuliza hii takataka imetoka wapi, akachagua yote, akafuta. Halafu akaenda kwa pipa ya taka ya ndani ya simu, nayo akaimwaga. Nilimwambia atafute, akatafuta mbele yetu. Nilimwambia aandikie wenye mtambo ya imeili, akaandika, wakajibu palepale kwamba kitu ikishamwagwa hairudi. Nilitaka kumpiga. Nimpige, halafu?

Mama ndio akafungua mdomo, akamwambia Swadiki:

"Baba, wakati ulikuwa unafuta, ulimuona? Kijana mrefu, jino ya mbele imevunjika."

Swadiki akasema mama, ilikuwa nyingi. Akasema pole. Akampa kadi ya kuweka picha, bure. Picha gani sasa? Lakini mama akaipokea na mikono mbili, maana alikulia kambi ya jeshi, na huko kitu ikitolewa unapokea.

Siku ya soko nilienda naye Kuluba. Picha ingine hatuna. Simu yangu mimi ni ya tochi, haipigi picha. Rafiki ya Wani iko na picha moja ya kucheza mpira, lakini pale Wani amegeuza mgongo.

Dereva moja alikuwa anakaza kamba ya turubai. Mama alimsalimia, akaanza kueleza na mdomo: mrefu, mweusi, jino. Dereva akasema vijana ya namna hiyo wako kwa kila lori. Mama akanivuta mkono, akanisimamisha mbele yake.

"Ni kama huyu," alisema. "Lakini pua si hii, huyu alichukua ya wajomba. Macho ongeza kidogo. Halafu hii hasira kwa uso, toa. Yule hana hasira."

Nilijaribu kutoa. Nilinyoosha shingo niwe mrefu. Dereva aliniangalia, na kweli alijaribu, kuanzia viatu mpaka kichwa, akarudi tena kwa uso.

"Mama," alisema, "mimi naona huyu tu."

Akafunga kamba yake, akageuka, akatembea mpaka upande ya mlango ya lori.