Maiki ya Mama Mkwe

Musembi wa stesheni ya Makindu alikuwa na redio kaseti ambayo hakuruhusu mkono mwingine kuigusa. Aliifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, na wenzake kazini walimtania kwamba angeiposa kama asingekuwa na mke tayari. Mke huyo, Nthenya, alikuwa Bulgaria akisomea udaktari, na kila kaseti aliyotumiwa aliijibu kwa lalamiko lile lile: nyinyi wote nawasikia, mama simsikii.

Mwaka 1984 lalamiko hilo halikuweza kungoja tena. Kalondu, mama yake Nthenya, alikuwa na uvimbe shingoni, na Jumatatu angepasuliwa Nairobi. Daktari alisema waziwazi kwamba atapona, lakini sauti huenda isirudi. Basi Jumamosi Musembi akapanda vilima vya Mbooni na mashine yake begani.

Walikaa kama desturi inavyotaka: mama mkwe ndani ya jiko, mkwe nje kando ya ukuta na mashine mapajani. Maiki iliingizwa ndani na Mbuvi, kaka yake Nthenya, waya ukipita mlangoni. Ukambani mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hiyo ndiyo nthoni, na mwenye adabu haulizi sababu. Kalondu akasema maneno yake. Musembi akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza. Jogoo alisikika, hata kuni zilisikika zikipasuka motoni. Mama mkwe alikuwa kama nyuki ndani ya chupa.

Akasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa spiriti. Akachomoa maiki, akaipuliza, akaichomeka tena. Akamtuma Mbuvi amwambie mama aisogeze mdomoni. Wapi! Musembi hakuwa mtu wa kushindwa na chuma, na sasa akaanza kuogopa kwamba chuma hakina kosa.

"Shemeji, mimi naona tumechelewa," alisema. "Hii ugonjwa imemaliza sauti yake."

"Labda ni betri," Mbuvi akajibu. "Twende duka tuone."

Hawakuwa wameteremka mbali walipomsikia mwanamke akiwafokea mbuzi walioingia kwenye maharagwe. Sauti ilivuka bonde, ikagonga kilima cha pili na kurudi na ukali wake wote. Musembi alisimama.

"Nani huyo?"

"Si ni mwaitu."

"Mwaitu gani?"

"Mama! Mama ya bibi yako. Kwani hujawahi kumsikia?"

Hakuwahi. Alikuwa amemwoa binti yake, amekula chakula chake na kulala kwenye boma lake, na miaka yote hiyo alichopata ni mnong'ono uliopita kwenye kanga. Alitazama kilima walikotoka, kisha akaona haya.

"Betri ni mzima," alisema. "Ni mimi nimekaa hapo, ndiyo ananong'ona."

Wakarudi. Musembi akamwonyesha Mbuvi vitufe viwili vya kubonyeza pamoja, akamkabidhi mashine kama mama anayemwachia yaya mgeni mtoto wake, akaenda hadi mpaka wa shamba na kuketi akiipa nyumba mgongo. Hakuitwa mpaka kaseti ilipokwisha.

Alikuwa na tabia ya kuhakikisha kazi yake, kwa hiyo akairudisha kaseti mwanzo na kubonyeza. "Nthenya!" ikapasuka sauti. "Ameenda! Sasa nisikilize vizuri." Kisha Kalondu akacheka.

Kilikuwa kicheko cha Nthenya. Kilianza chini kooni, kikapanda, kikakatikia juu vile vile, na Musembi, ambaye tangu mkewe apande ndege hakuwa amekisikia, aliisogeza mashine sikioni. Alitaka kusikiliza hadi mwisho. Alitaka kwenda mlangoni kumwambia mama yule acheke tena, acheke leo na kesho, kabla ya Jumatatu.

Lakini maneno yale hayakuwa yake, na mama mkwe alikuwa hapo ndani, nyuma ya ukuta, akisikia kila kitu. Musembi akazima.