Loisi Wawili wa Wodi ya Wazazi

Ijumaa saa tano na nusu asubuhi, mkunga Loisi Chilongani alikuwa mbele ya kompyuta ya wodi ya wazazi, akijaza kazi zake za wiki kwenye mfumo wa kupima utendaji. Mfumo ungefungwa saa sita. Asiyejaza alihesabiwa hakufanya kazi. Mwaka uliopita Loisi alizalisha akina mama mia mbili na kumi, akapata alama kumi na tisa kati ya mia.

Alikuwa hajafika nusu ya fomu wakati Dorkasi, mkulima wa kijiji cha Buigiri, alipoita kutoka kitandani, "Nesi, anakuja!"

Loisi akainuka. Loisi mwingine akabaki kwenye kiti, akaendelea kuandika.

Aliyeinuka alimpokea mtoto wa kike aliyezungukwa na kitovu shingoni, akamfungua, akamsugua mgongo hadi akalia. Aliyeketi alituma fomu zikiwa zimebaki dakika mbili.

"Kumbe mko wawili," alisema Dorkasi.

"Kazi ni nyingi, mama."

Dorkasi akaomba uji.

Elieth, mkuu wa wodi, alipofika aliwatazama wote. "Namba ya utumishi ni moja," alisema. "Anayeonekana kwenye mfumo ndiye mtumishi."

"Na mimi?" aliuliza mwenye damu kwenye aproni.

"Wewe endelea, mdogo wangu. Kitanda cha nne kuna mama anasubiri."

Wakaendelea hivyo miezi mitano. Walikaa chumba kimoja mtaa wa Nkuhungu, wakila ugali kwa mlenda. Tangu dada yake aolewe Kongwa, Loisi hakuwa na wa kumsuka. Sasa walisukana kila Jumapili baada ya ibada, mmoja akisimulia watoto, mwingine akisimulia asilimia, wakicheka mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta.

Mwezi Juni Loisi wa kompyuta alipata alama tisini na nane. Akapandishwa cheo, akahamishiwa ofisi ya mkoa kuwafundisha wakunga kujaza fomu. Jioni alirudi na samaki wa kukaanga, wakasherehekea wote wawili.

Jumatatu Loisi wa wodini hakuliona jina lake kwenye orodha ya zamu.

"Umehama," Elieth alimweleza.

"Nimefika salama?"

"Salama kabisa. Wanakusifu."

Loisi akafurahi, akanawa mikono. Saa nne akazaliwa mvulana wa kilo tatu na nusu, mwenye sauti kubwa. Loisi alimviringisha kwenye khanga, akamkabidhi mama yake. Elieth akafungua daftari, na kwenye nafasi ya jina la aliyezalisha akachora mstari.