Jina la Mgongoni

…na herufi A ndiyo huisha kwanza, kila pakiti ya herufi za plastiki ninayoagiza ni hivyo hivyo, majina yetu yote yamejaa A, mwezi haujafika nusu nishaanza kukata A kutoka kwenye mabaki, na hizi Z zinabaki zimelala kwenye droo kama wageni wasiojua lini wataondoka, leo angalau Z moja imepata kazi, M, A, S, I, Z, I, nimezipanga juu ya mgongo wa jezi, nimezinyoosha kwa rula, mashine taa yake bado nyekundu, ikishika kijani naweka karatasi juu, navuta mpini, nabana, basi, jina likishaingia kwenye kitambaa halitoki tena, hata ulisugue kwa dawa ya madoa, na hilo ndilo tatizo, hapana, tatizo siyo plastiki, tatizo ni kwamba jezi ni ya mume wangu na neno lenyewe ni masizi.

Shemeji, uwanja Jumamosi utapasuka, anasema mwenye bucha, amekaa kwenye stuli ya wateja na aproni yake bado ina damu ya asubuhi, jezi yake mwenyewe niliimaliza jana, iko kwenye mfuko mbele yake, lakini haondoki, anasubiri kuona hii ya mume wangu ikitoka kwenye moto, anasubiri kama mtu anayesubiri kuzaliwa mtoto, wakongwe wote wanarudi, anasema, hata yule kipa mwenye tumbo, lakini watu wanakuja kumwona mmoja tu, Masizi, Masizi mwenyewe, na mimi namjibu ndiyo, ndiyo, huku miguu inaniuma na jicho langu liko kwenye taa, na sikio langu liko nyuma, kwenye ujia wa stoo, ambako mume wangu amesimama na simu, amenipa mgongo, anaongea na katibu wa timu kwa ile sauti yake ya kuongea na ofisi, ndiyo katibu, nimekuelewa katibu, ila sikubaliani na wewe katibu.

Katibu alipiga asubuhi pia, kijana mpole, anamwita mzee, akasema kamati imekaa na imeamua jezi zote za wakongwe ziandikwe majina ya shule, yale ya kwenye vyeti, lile neno siku hizi ni marufuku uwanjani, mzee, mtangazaji mwenyewe analisoma kwenye orodha ya matusi kabla ya mechi kuanza, sasa haiwezekani alisome kwenye matusi halafu alisome tena kwenye kikosi, na mume wangu akacheka, akamwambia jina la shule wamwandikie mwalimu mkuu, halafu akaweka simu chini akaniambia mama watoto, wewe bandika, duka ni letu, na mimi nikasema sawa, kwa sababu mimi hapa nabandika nilichoandikiwa, nimebandika Simba wa Mtaa, nimebandika Baba Lao, nimebandika majina ambayo wenyewe wakiachwa na wachumba wao hurudi kuniuliza kama yanatoka, sijawahi kumuuliza mteja kwa nini…

Siku hizi uwanjani tunakaa kama msibani, anasema mwenye bucha, ukifungua mdomo tu mlinzi wa fulana ya njano anakutolea macho, juzi nimemwita refa kipofu nikaambiwa nawatukana walemavu, sasa nimwiteje, shemeji, ndugu yetu mwenye uoni hafifu, na hapo nacheka, nacheka kweli, maana mwenye bucha hana ubaya, siku mume wangu alipovunjika goti huyu ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, na alilia njia nzima kuliko hata mimi, mimi nilikuwa nahesabu kichwani nani atakaa na watoto, na wimbo wao ule yeye ndiye aliyekuwa akiuanzisha jukwaani, paka, Masizi, paka, kwa sababu hadithi ya jina ndiyo hiyo, kila mtu anaijua, kwamba aliwapiga chenga mabeki wanne kwenye mechi moja na mtu akasema leo kawapaka masizi usoni, basi likakaa, hivyo ndivyo mume wangu anavyoisimulia, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye foleni, na mimi niliolewa nikaikuta hadithi ndani ya nyumba kama kabati, sikuuliza nani aliileta.

Wale wa timu za mbali walikuwa na namna yao, hao hawakuimba paka, hao walitoa milio ya nyani na kumwambia arudi kwao, kwao wapi, watu wa kwao wamekaa mji huu kabla ya uwanja kujengwa, kosa lao ni kuwa wameiva zaidi ya wengine, na hapa tunavyopenda kupimana weusi, na mwaka ule wa fainali waliokota vipande vya mkaa wakawa wanamrushia kila akienda kupiga kona, akavikusanya kwenye soksi akaja navyo nyumbani, akanimwagia jikoni, akasema mama watoto, mkaa wa bure huo, nami nikapikia, ulikuwa mkaa mzuri, mzito, hauna moshi, na hiyo nayo ameifanya hadithi, watu wanashika mbavu, nami naulizwa chakula kilikuwaje, nasema kiliiva, ningesema nini, kiliiva.

Masizi mwenyewe hajalalamika, anasema mwenye bucha, hao wanakamati wanalalamika kwa niaba ya nani, na nataka kumwambia kwa niaba ya binti yangu, lakini nimekatazwa, kitinda mimba wangu alinikataza asubuhi hii hii, tunafungua mlango wa duka pamoja, yeye ameshika kufuli, anasema mama, baba akivaa lile jina Jumamosi mimi timu naacha, wala sisemi kwa hasira, nimelala nalo wiki nzima, na usimwambie nimesema, na kweli hakuwa na hasira, laiti angekuwa nayo, hasira ya watoto naijua, unaipa chai inaisha, hii ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, nikajisikia mimi ndiye ninayeongea. Anacheza winga ya kushoto kwenye timu ya wanawake ya klabu hiyo hiyo, mguu uleule wa baba yake, anatoka mazoezini na kwenda chuo na jasho lake, sijamwona akipenda kitu kingine namna ile, na Jumapili iliyopita nilikuwepo, baba yake goti lilimkatalia, mimi nilikuwepo, nyuma ya waya, karibu na yule bwana wa timu ya wageni, mtu mzima na mwavuli mkononi, kila binti yangu akija upande ule kurusha mpira anamwambia we masizi, nenda kaoge, siyo kwa kelele, kwa sauti ya kumwagiza mtu maji, we masizi, umesahau shingo. Mara ya kwanza hakugeuka, mara ya pili hakugeuka, mara ya tatu aliuchukua mpira mikononi, akatembea nao taratibu mpaka kwa refa, akamwambia kitu, na refa akasimamisha mechi, kama kanuni zinavyotaka siku hizi, kipaza sauti kikasoma lile tangazo lao la kukataza matusi, wasichana wadogo jukwaani wakapiga makofi, nikasema moyoni haya, dunia kweli inakwenda, na watu wa fulana za njano wakamleta yule bwana mpaka kwenye mstari, naye anacheka, anasema kosa langu lipi, nimemwita kwa jina la baba yake, someni ukuta wenu.

Na wote wakageuka kuusoma ukuta. Nyuma ya goli, urefu wa nyumba, wamemchora mume wangu anapiga shuti na chini yake hizi herufi hizi hizi nilizozipanga hapa, refa akautazama ukuta, watu wa njano wakautazama, yule bwana akarudi mahali pake na mwavuli wake, mechi ikaendelea, na binti yangu akacheza mpaka mwisho, hakutoa pasi moja mbovu, tukarudi nyumbani akafua jezi yake akaianika, baba yake akauliza mlishinda, akasema tulitoka sare.

…Nini, anasema mume wangu kule nyuma, sauti ya ofisi imekwisha, hii ni sauti yake, nini, binti yangu yupi, lini, na najua katibu amemwambia, bila shaka alidhani anajua, nani asingedhani baba anajua, na mwenye bucha bado ananieleza kuhusu kipa mwenye tumbo, na mimi nimeshika ukingo wa meza, Jumapili, anasema mume wangu, ndiyo, nakusikia, akanyoosha kidole kwenye ukuta, nakusikia, nauona mgongo wake, shati limemshika kwenye mabega, mkono mmoja umeegemea maboksi ya jezi za shule, na taa imeshika kijani, sikuona ilishika saa ngapi.

Unajua, katibu, anasema, lile jina mimi sikupewa kwa sababu ya chenga. Anasema taratibu, hana haraka, kama mtu anayeeleza njia. Ilikuwa siku ya majaribio. Tulikwenda watatu wa kwetu, tumetoka alfajiri kwa miguu. Kocha akawaita wengine wote kwa majina, akifika kwetu hataki kuuliza, akasema we masizi, ingia. Hakusema yupi. Wenzangu wawili hawakugeuka, wakachukua viatu vyao wakaenda zao, na mmoja wao, katibu, alikuwa na mguu kunishinda mimi. Mimi nikageuka. Nilikuwa nataka kucheza. Ndiyo maana mimi mnanijua na wale hamuwajui.

Mwenye bucha ameshika mfuko wake magotini, anatazama sakafu, anasema kwa chini hilo hajawahi kunisimulia, nami nasema hata mimi, na ndiyo kweli, kitanda kimoja miaka yote hii, nimemkanda lile goti kwa maji ya moto, nimejua akikohoa ni vumbi au ni kifua, na kumbe kabati lile la hadithi lilisukumwa pale kuziba mlango, na sijui nikasirike naye au nimwonee huruma, sina nafasi ya vyote viwili leo, nawaza tu wale wawili wakirudi kwao na viatu begani, wakizungumza nini njiani, au wasizungumze, na nawaza binti yangu na mpira mikononi, kwamba asubuhi nilipomsikiliza nilidhani anataka kumnyang'anya baba yake kitu, nikajiambia watoto wa siku hizi wana ngozi laini, sisi tulipikia mkaa wa kurushiwa, na wala siyo ngozi, yeye ameitwa na hakugeuka na bado anataka kucheza, anataka vyote viwili, ndilo jambo jipya peke yake lililotokea uwanjani pale, tangazo ni kelele tu, na kama timu haiwezi kumpa vyote viwili atafanya kama wale wawili waliokwenda na baba yake, ataondoka, na hatutamjua.

Haya, anasema mume wangu kwenye simu, andikeni mnavyotaka, niandikeni hilo la shule, niandikeni hata namba ya simu, mimi mkiniita nitageuka tu. Na anacheka kidogo, kile kicheko chake cha matangani, na hicho kicheko kinanichosha kuliko siku nzima ya kusimama, kwa sababu ni kweli, atageuka, umwite chochote yeye atageuka kwa adabu na tabasamu, isipokuwa jina moja, mwezi uliopita hospitali muuguzi aliliita mara mbili kwenye foleni, jina lake mwenyewe, alilopewa na mama yake, naye amekaa anatazama feni, mpaka nikamgusa kiwiko, tukacheka njia nzima kurudi, tulicheka nini sasa.

Shemeji, anasema mwenye bucha, polepole, taa ya kijani hiyo. Naiona, nasema. Mkono uko kwenye mpini, hauvuti. Jina lake la shule lina A mbili na droo ina A tatu, siyo hilo, herufi zipo, kubandika ni kazi ya dakika, lakini kumbandikia mtu mgongoni jina asiloitika ni kumvalisha nguo ya marehemu, na hili Masizi silibani, silibani na aseme duka ni letu, ni letu kweli. Mimi sijawahi kumwita kwa jina lolote, namwita baba watoto, kabla ya watoto nilimwita wewe, na sasa yuko pale hatua chache, amekata simu lakini hajageuka, mgongo ule mpana, shati halina neno, na nataka kumwita, siyo kumgusa kiwiko, kumwita kutoka hapa hapa nilipo, kwa lile jina la mama yake, kwa sauti ya kawaida ya kuomba mkasi, na naogopa, mwanamke mzima naogopa, kwamba nitaliita na ataendelea kutazama maboksi, basi, na akiendelea kutazama nitaliita tena, nitamwita mpaka alizoee, chumvi nipe, fulani, dirisha funga, fulani, hata ichukue hadi wajukuu, mashine ikipoa nitaiwasha upya, nalowesha midomo, mwenye bucha ananitazama, mume wangu hajageuka.